Seremala na Ukuta Usionyooka

*Magari-nyumba ya faiba yaliyotengenezwa Marekani nusu karne iliyopita bado yako barabarani, lakini makabati yake yameoza. Kuyajenga upya ni kazi inayowagawa mafundi na wamiliki, na anayeikosea anaweza kuua gari zima.*

Ubao wa plaiwudi umekatwa vizuri. Pembe zake ni za mraba kamili, kingo zimepigwa msasa, na seremala ameukagua kwa skwea zaidi ya mara moja. Anauinua, anausimamisha ubavuni mwa gari, na papo hapo hesabu zinakataa. Juu, pale ukuta unapojikunja kuelekea paa, kona ya ubao imegota. Chini karibu na sakafu imegota tena. Katikati pameachwa uwazi unaopitisha ngumi.

Upimaji haukukosewa. Gari lenyewe ndilo halina mstari mnyoofu. Ni Dodge Travco, gari-nyumba la Kimarekani lenye bodi ya faibaglasi, refu kama mita 8, lililoviringwa mbele, nyuma na ubavuni. Ndani yake pafungwe jiko, sinki, kabati la nguo, makabati ya juu, droo na vitanda vyenye nafasi ya kuhifadhia vitu chini yake. Na vyote hivyo, kwa desturi ya useremala, ni masanduku ya pembe nne.

Jinsi ya kuingiza masanduku hayo ndani ya umbo la namna hii ni suala linaloonekana dogo hadi mtu ashike msumeno. Linagusa uzito wa gari, afya ya wanaolala ndani, thamani yake sokoni na uhai wa bodi.

Bodi inadumu, mbao zinaoza

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini na kuachwa zigande ndani ya kalibu. Haipati kutu, mchwa hawaili, na fundi anaweza kuipa umbo alitakalo bila mashine kubwa za kukandamiza bati. Mwaka 1953 Chevrolet ilianza kutengeneza Corvette yenye bodi ya faiba huko Flint, Michigan, na watu wakaona kwamba gari halilazimiki kuwa la chuma nje.

Katika jimbo hilohilo, kwenye mji mdogo wa Brown City, Ray Frank alijitengenezea gari la kusafiria na familia yake mwaka 1958. Watu wakalipenda, kazi ya nyumbani ikageuka kiwanda, na chesisi za Dodge zikawa ndiyo msingi wake. Katikati ya miaka ya 1960 bodi zilikuwa zinatengenezwa kwa faiba, na jina la Travco likaingia sokoni. General Motors nao wakaja na lao mwaka 1973: GMC Motorhome, lenye paneli za faiba chini na alumini juu. Liliendeshwa kwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo halikuwa na shafti inayopita chini ya sakafu, na sakafu ikashushwa karibu sana na ardhi. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1978, karibu magari 13,000 yalikuwa yametoka kiwandani.

Leo bodi hizo zingali nzima. Kilichokufa ni kilicho ndani.

Sababu kubwa ni maji. Mpira wa dirisha hukauka na kupasuka. Tundu la hewa la paani hulegea. Tone moja likipenya, husafiri nyuma ya makabati ambako hakuna anayeliona, hushuka hadi kwenye kona ya chini, na hapo hutuama. Chipbodi hufura, kisha humeguka kwa kidole. Mwenye gari huja kugundua siku bawaba ya mlango inapong'oka na kutoka na kipande cha kabati.

Usitupe kabati bovu

Wengi wanaonunua magari haya huanza kwa nyundo. Mwishoni mwa wiki ya kwanza kila kitu kiko nje, kimelundikwa uani, kikisubiri gari la taka. Naamini huo ndio uamuzi wenye hasara kubwa kuliko wote katika kazi hii.

Kabati la zamani, hata likiwa limeoza nusu, limebeba umbo la ukuta. Aliyelikata kiwandani alishafanya kazi ya kuufuata mkunjo, na ukingo wake wa nyuma ni kiolezo cha bure. Fundi makini hulivunja polepole, huandika nyuma ya kila kipande kilikuwa wapi na kilitazama upande gani, hupiga picha, kisha huvihifadhi vipande vyote mpaka kabati jipya limefungwa.

Zaidi ya hapo, kuna makabati yanayoshikilia gari. Kwenye karavani ndogo za faiba, kama Boler ya Kanada na Scamp ya Minnesota, kabati la nguo husaidia kubeba paa. Ukiling'oa bila kuweka nguzo ya muda, paa huanza kubonyea. Gari-nyumba kubwa lina muundo wake tofauti, lakini hadhari ni ileile: kabla ya kutoa ubao wowote uliosimama kutoka sakafuni hadi paani, sharti ujue kama unabeba vyombo tu au unabeba na gari.

> *Kabati la zamani, hata likiwa limeoza nusu, limebeba umbo la ukuta.*

Asili ipi?

Hapa ndipo wamiliki wanapogawanyika.

Upande mmoja wako wanaotaka gari lirudi lilivyotoka kiwandani: vinia ya rangi ileile, vitasa vilevile, kaunta ya plastiki ngumu yenye rangi za enzi zake. Hoja yao si ya kupuuzwa. Magari haya hayatengenezwi tena, kila linalochakachuliwa linapunguza idadi ya yale yanayoweza kuonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyofikiri, na mnunuzi anayeyajua hulipa zaidi kwa gari ambalo halijaguswa.

Upande wa pili wako wanaoishi ndani ya magari hayo, si wanaoyapeleka kwenye maonyesho. Familia iliyosafiri mwaka 1968 ilikuwa inakwenda likizo. Haikuwa na kompyuta mpakato, betri za lithiamu wala vifaa vya umeme wa jua. Kwa anayeishi humo miezi sita mfululizo, kabati la asili lenye rafu moja na mlango unaofunguka mwendoni ni kero tupu.

Kuna jambo ambalo watetezi wa asili hawalisemi vya kutosha. Kwa GMC hasa, hapakuwahi kuwa na asili moja. General Motors waliuza magari yaliyokamilika, lakini waliuza pia bodi tupu kwa jina la TransMode, na kampuni nyingine zikazifunga samani zao wenyewe. Magari mawili ya mwaka mmoja yangeweza kutoka yakiwa na majiko pande tofauti, mbao tofauti na vitanda vya mpangilio tofauti. Desturi ya kumwachia fundi mwingine ajaze tumbo la gari ilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kulindwa kwa nguvu zote ni bodi, madirisha na umbo la nje. Kabati zima lililosalimika likarabatiwe, lisitolewe kwa sababu ya fasheni. Lililooza lijengwe upya bila aibu. Ambacho sikiungi mkono ni njia ya tatu inayozidi kushamiri: kununua makabati ya jikoni yaliyo tayari dukani, kuyasukuma ukutani, kisha kuziba uwazi wa nyuma kwa vipande vya mbao na silikoni. Yanapendeza kwenye picha. Lakini nyuma ya kila sanduku hubaki shimo lisilofikika, na katika gari la mita 8 hakuna nafasi ya kutupa.

Bikari, penseli na mstari wa katikati

Namna gani basi ubao mnyoofu unaufuata ukuta uliopinda?

Kwanza, pimamaji huwekwa kando. Gari halisimami sawasawa kama nyumba. Leo limeinama kulia, kesho limepanda jiwe. Fundi huvuta uzi kutoka katikati ya kioo cha mbele hadi katikati ya dirisha la nyuma, huuhamishia sakafuni, na kuuchora. Mstari huo ndio unaotawala. Kila kabati hupimwa kutoka hapo, wala si kutoka ukutani, kwa kuwa ukuta ni shahidi asiyeaminika. Bodi iliyotandazwa kwa mikono kwenye kalibu mara nyingi hutofautiana kulia na kushoto. Ndiyo maana kiolezo cha upande mmoja hakigeuzwi kutumika upande wa pili bila kujaribiwa.

Kisha huja kiolezo chenyewe. Wengine hutumia boksi za katoni, na kwa hatua ya kwanza zinatosha. Wanaotaka kukaza zaidi huchukua vijiti vya plaiwudi ya milimita 3, wakavigusisha ukutani kimoja baada ya kingine, wakaviunganisha kwa gundi ya moto hadi vikafanya fremu nyepesi yenye umbo la ukuta. Fremu hiyo hulazwa juu ya shiti na kuchorwa.

Bado haijakaa sawa. Ubao huletwa tena ndani ya gari, husogezwa karibu na ukuta kadiri inavyowezekana, na ndipo bikari inapofanya kazi. Miguu yake hupanuliwa sawa na uwazi ulio mkubwa kuliko wote. Mguu wa chuma hutembea ukutani; wa penseli hutembea kwenye ubao. Siri iko mkononi: miguu yote miwili ibaki usawa mmoja, kutoka juu hadi chini. Mkono ukizunguka hata kidogo kuufuata mkunjo, mstari unaoachwa na penseli huwa wa uongo, na uongo huo hugunduliwa baada ya kukata.

Msumeno wa jigso huinamishwa digrii chache, ili ukingo wa mbele ndio uguse ukuta na wa nyuma uachie. Lakini bodi ya Travco imejikunja pande mbili kwa wakati mmoja, juu kwenda chini na mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo ulalo wa ukingo hubadilika kadiri unavyopanda, na kazi ya mwisho hufanywa kwa randa ndogo na msasa, kujaribu na kutoa, kujaribu na kutoa. Ubao mmoja wa kabati la nguo unaweza kula siku nzima.

Anayeujua ufundi wa pwani yetu ataitambua kazi hii. Wajenzi wa mitepe ya Lamu walishona mbao za ubavu kwanza kwa kamba za makumbi. Mataruma yalikuja baadaye, yakachongwa moja moja kufuata umbo ambalo chombo kilikuwa kimekwisha kulichukua. Ganda lilitangulia, kilicho ndani kikatii.

> *Miguu ya bikari ikizunguka hata kidogo, mstari unaoachwa na penseli huwa wa uongo.*

Skrubu moja, ufa mmoja

Ubao ukishakaa, swali ni jinsi ya kuushika. Jibu la haraka ni skrubu, na ndilo jibu baya. Bodi ya faiba katika sehemu nyingi ina unene wa milimita chache tu. Skrubu fupi haina pa kung'ata; ndefu hutokea nje. Kila tundu ni mlango wa maji, na pale bodi inapotikisika njiani, nyufa ndogo huanza kuchanua kuzunguka tundu hilo.

Mafundi wa boti walishaitatua shida hii zamani. Faiba ya ndani hukwanguliwa kwa msasa mkali hadi mng'ao utoke, husafishwa, kisha vipande vya mbao hubandikwa juu yake na kufunikwa kwa vitambaa vya faiba na resini. Kabati hupigwa skrubu kwenye vipande hivyo, si kwenye bodi. Resini ya poliesta ni nafuu na ndiyo iliyotumika kiwandani, lakini juu ya faiba iliyokauka miaka 50 iliyopita epoksi hushika vizuri zaidi. Hapa bei isimshawishi mtu. Na anayekwangua avae kinyago cha kweli cha kupumulia, kwa kuwa vumbi la faiba si la kuchezea.

Ubao mgumu haupaswi kuisukuma bodi moja kwa moja. Ukigusa kwa nguvu sehemu moja, hapo panakuwa kikwazo: bodi yote inajinyonganyonga barabarani, isipokuwa pale, na ufa huanzia hapohapo. Mafundi huacha nafasi ndogo na kuijaza sponji ngumu au gundi ya poliyurethani inayonyumbuka.

Nafasi ya nyuma ina faida nyingine. Usiku wa baridi, pumzi ya watu wanne hugeuka maji kwenye faiba. Kabati lililozibwa kabisa nyuma huota ukungu, na nguo hunuka. Matundu machache chini na juu ya ubao wa nyuma huiacha hewa ipite.

Kilo 250 za bure

Sasa mbao. Shiti ya MDF ya mita 1.22 kwa 2.44, yenye unene wa milimita 18, ina uzito wa kilo 40 hivi. Shiti ya plaiwudi ya okume ya ukubwa huohuo, unene wa milimita 12, haizidi sana kilo 15. Tuseme kazi nzima imekula shiti 10. Tofauti ni karibu kilo 250, sawa na kuongeza abiria watatu au wanne wasioshuka kamwe. Breki, matairi na injini ya nusu karne iliyopita ndivyo vitakavyowabeba.

Kwa miaka mingi wajenzi wengi walipenda plaiwudi ya birchi kutoka Urusi, yenye tabaka nyingi nyembamba na kingo nzuri kutazama. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mbao za Urusi na Marekani ikapandisha ushuru. Birchi ikawa ghali, na ni nzito pia.

Okume ikabaki na mvuto wake. Ni mti wa Afrika ya Kati, na Gabon ndiyo inayoongoza kwa kuutoa. Mwaka 2010 serikali ya Gabon ilizuia magogo yasisafirishwe nje yakiwa mabichi, ikitaka yachanwe nchini, na viwanda vya vinia na plaiwudi vikajengwa Nkok, nje kidogo ya Libreville. Anayetumia okume Michigan anatumia msitu wa bara letu, na ana wajibu wa kuuliza ulivunwa vipi. Mti huu umo katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini. Cheti cha mbao zilizovunwa kwa utaratibu huongeza bei, na bei hiyo ni ya haki.

Tena okume haihimili kuoza. Plaiwudi yake ya boti husifiwa kwa gundi isiyoachia ikilowa na kwa tabaka zisizo na mapengo, lakini mti wenyewe hunyonya maji. Kila ukingo uliokatwa, pamoja na matundu ya bomba na nyaya, upakwe epoksi kabla ya kufungwa.

Hewa ya ndani

Kuna hoja ambayo naiweka juu ya uzuri, asili na hata uzito. Gundi ya chipbodi na MDF za bei rahisi hutoa fomaldihaidi, gesi ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Ndani ya nyumba kubwa hewa huisambaza. Ndani ya gari lililofungwa madirisha, wanaolala humo huivuta usiku kucha.

Marekani ililijua hili kwa machungu. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, maelfu ya familia zilizopoteza makazi zilipewa karavani za dharura. Watu wakalalamika macho kuwasha, kikohozi na maumivu ya kichwa. Mwaka 2008 kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilithibitisha kwamba hewa ya karavani hizo ilikuwa na fomaldihaidi nyingi kuliko ya nyumba za kawaida. Mwaka 2010 ikapitishwa sheria ya kuweka kikomo cha gesi hiyo katika mbao za kubandikwa.

Anayejenga makabati kwa mikono yake ana nafasi ambayo waathirika wale hawakupewa: anachagua kila shiti inayoingia. Asome nembo yake kabla ya kulipa. Na kabati la mtungi wa gesi ya kupikia litengwe kabisa na chumba, liwe na tundu la kutokea nje upande wa chini, kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama.

Barabara ndiyo mkaguzi

Kabati la gari hupambana na kitu ambacho la nyumbani halikijui: kona na breki. Droo huchongwa mwanya mdogo chini, ili ilazimike kuinuliwa kidogo kabla ya kuvutwa. Gari likikata kona haitoki. Milango hupewa komeo za kubonyeza, maana sumaku pekee huachia kwenye shimo la kwanza. Kwenye makabati ya juu, ambako paa limejikunja na mlango mnyoofu hauna pa kufungukia, baadhi ya mafundi hutengeneza mlango wa vipande vyembamba vya mbao vilivyobandikwa kwenye turubai, unaoteleza ndani ya mfereji na kuufuata mkunjo.

Wenye uzoefu hawapaki vanishi mapema. Makabati hufungwa yakiwa mabichi, hujazwa sahani, sufuria, vitabu na makopo, kisha gari hutolewa barabarani, na barabara ya vumbi ni bora kuliko lami. Mmoja huendesha, mwingine hukaa nyuma akiwa amejifunga mkanda, penseli mkononi, akiandika kila kinacholia. Njiani hupitia mizani ya malori, na ekseli za mbele na za nyuma hupimwa kila moja peke yake, pamoja na uzito upande wa kulia na wa kushoto pale mizani inaporuhusu. Mtu aliyeweka friji, betri na jiko upande mmoja atayaona makosa yake hapo kwa tarakimu. Wakirudi, makabati yanayosuguana hufunguliwa, yakapunguzwa milimita moja au mbili, betri zikahamishwa kama mizani imesema hivyo, na ndipo kopo la vanishi linapofunguliwa.